Jua la Uani kwa Evanthia

Saa nne kasoro dakika kumi asubuhi jua lilimaliza kupanda paa la kiwanda cha sabuni, likavuka ukuta wa jirani, likatua uani kwa Evanthia Tsolaki. Lilianza na beseni la kufulia, likaja kwenye shina la mchungwa mchungu, kisha magotini kwa Argyro, binti yake, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha ukindu. Argyro alikuwa na miaka ishirini na mbili na pafu moja bovu. Alirudi kutoka hospitali ya kifua mwezi Februari, na daktari alikuwa amemwandikia maneno manne kwenye karatasi: mayai, mapumziko, jua, jua. Kila jua liliposogea, mama yake alisogeza kiti. Saa nane lilipanda ukuta wa jikoni likaenda zake, na Argyro akaingia ndani kulala.

Asubuhi hiyo ya Mei, mwaka sitini na sita, alikuwapo mgeni. Stamatis Vourlas, mkandarasi, alikuwa ameketi kivulini na kofia yake gotini, akila maganda ya chungwa chungu yaliyopikwa kwa sukari, ambayo pale Kallithea, mtaani kwao, mgeni huletewa kwenye kisahani pamoja na glasi ya maji baridi. Alikuwa kumbaro wa nyumba ile. Ndiye aliyemshika Argyro kwenye beseni la ubatizo, akampaka mafuta mwili mzima kwa mkono wake mwenyewe na kumpa jina; tangu hapo Evanthia alimwita kumbare, naye akamwita kumbara.

"Mungu aibariki mikono yako, kumbara," alisema, akilamba kijiko.

"Mikono tu?" Evanthia akajibu. "Na mti je, hauna chake?"

Stamatis akacheka. Kisha akaelekeza kijiko kushoto, akakielekeza na kulia.

"Wa kushoto ameshasaini. Wa kulia anasaini mwezi ujao. Ghorofa saba huku, ghorofa saba huku, na wewe katikati, umo kisimani. Mtoto ataota jua gani, la taa?"

Evanthia alisogeza kiti cha Argyro kufuata jua. Alikuwa amelifikiria jambo hilo usiku mwingi, naye hakuwa mjane wa kudanganywa na sukari yake mwenyewe. Mtaa mzima ulikuwa unabadilishana. Mwenye kiwanja alimpa mkandarasi ardhi, mkandarasi akaibomoa nyumba ya zamani na kupandisha jengo, kisha akamrudishia mwenye ardhi fleti mbili tatu na nyingine akauza. Hakuna aliyemtolea mwenzake pesa. Ardhi ilikutana na saruji, basi.

"Nakupa mbili, ghorofa ya tatu, upande wa barabara," Stamatis aliendelea. "Roshani kutoka hapa mpaka pale. Moja yako, moja ya Argyro siku akiolewa. Jua tangu saa moja asubuhi. Hutalisubiri tena hadi saa nne."

"Kwa nini ya tatu?"

"Ya pili ina makelele ya magari. Ya nne, lifti ikiharibika utanitukana. Kumbara, mimi nimempaka mwanao mafuta kwa mkono huu. Nitamweka pabaya?"

Argyro, jua likiwa limemfika kifuani sasa, alisema bila kufumbua macho, "Nono, mimi nataka tu pawe na jua."

"Utachoka nalo," alisema Nono, baba yake wa ubatizo.

*

Sheria ya kule inataka wakili wa hati aisome hati yote kwa sauti mbele ya wanaosaini. Bwana Plytas, wakili wa hati, aliisoma kama kasisi asomaye ibada ya tatu ya siku moja. Alipofika ukurasa wa tisa alisoma kwamba mwenye ardhi anampa mkandarasi uwakilishi usioweza kufutwa, wa kubadilisha ramani kadiri kazi itakavyodai, na kubadilishana fleti kwa fleti yenye eneo lilelile, kwa niaba ya mwenye ardhi, mpaka kazi ikamilike.

"Hapo rudia," Evanthia alisema.

Bwana Plytas alinyanyua miwani. Stamatis alitazama kofia yake, akaigeuza, akaipangusa vumbi ambalo halikuwapo.

"Rudia, Bwana Plytas," alisema kwa upole. "Kumbara wangu ana wasiwasi na mimi."

Uso wa Evanthia ulimwaka hadi masikioni. Kwa watu wale, kumtilia shaka aliyembatiza mwanao ni sawa na kulitemea mate beseni la ubatizo. Mtu humdai karatasi mgeni. Kumbaro hudaiwa kahawa tu. Alisema, "Endelea tu, Bwana Plytas," akasaini alipoonyeshwa.

Hilo ndilo kosa lake lote. Ninalitaja hapa kwa sababu baadaye wengi mtaani walisema yule mama alikuwa mjinga, tena walisema kwa raha, kama watu walioponea chupuchupu. Hakuwa mjinga. Alikuwa na adabu, na kuna watu waliokwishajua bei ya adabu ya wenzao kabla hata hawajabisha hodi.

Nyumba ilikuwa imejengwa na baba mkwe wake mwaka ishirini na tatu, aliposhuka melini, mkimbizi kutoka Smirna, na godoro moja. Kuibomoa kulichukua siku moja na nusu. Mchungwa ulikatwa Alhamisi. Evanthia alichuma machungwa yote, akayapika yakajaza mitungi kumi na mmoja, akahamia na Argyro kwa binamu yake, katika chumba chenye dirisha la kaskazini. Argyro akaanza tena kukohoa.

Hata hivyo Evanthia alitimiza kila linalompasa mwenye nyumba. Siku ya msingi alipeleka jogoo wake mwenyewe, mwekundu, akachinjwa juu ya jiwe la kwanza ili jengo lisimame. Siku ya zege la juu kabisa alipanda ngazi saba za mbao huku akitweta, akawatundikia mafundi leso kwenye kamba, kama ilivyo desturi, leso kumi na saba alizotarizi Argyro kwa sanduku lake la harusi. Fundi mkuu alizitaja zawadi kwa sauti mtaa mzima ukasikia. "Mama mwenye nyumba katoa leso! Mungu amweke mama mwenye nyumba!" Stamatis alipiga makofi kuliko wote.

*

Funguo zilitolewa Septemba, mwaka sitini na nane. Evanthia alipanda ghorofa ya tatu akiwa na chungu cha mrihani kwa ajili ya roshani. Ufunguo uliingia nusu ukagoma. Mlango ukafunguliwa kutoka ndani na mwanamke mwenye vikunjio vya nywele kichwani.

"Unamtafuta nani, mama?"

"Mimi ndiye mwenye fleti hii."

"Hii? Hii tumeinunua kwa Bwana Vourlas tangu Machi," alisema yule mwanamke, ambaye jina lake lilikuwa Melpo, mke wa daktari wa meno. Hakusema kwa ubaya. Nyuma yake ilionekana roshani, kutoka pale mpaka pale.

Sauti ya Stamatis ilipanda kutoka chini kwenye uwazi wa ngazi. "Kumbara! Siyo huko! Shuka!"

Alishuka. Alipofika mlango mkuu aliambiwa bado, ashuke tena. Vilikuwa vidato tisa kwenda chini. Pale nusu ardhini palikuwa na fleti mbili. Moja ilipakana na chumba cha tanuri la kupasha maji. Nyingine ilikuwa mbele, na dirisha lake lilikuwa juu karibu na dari, sawa na njia ya waendao kwa miguu, hivyo aliyeketi ndani aliona viatu vya Kallithea yote bila kuona uso hata mmoja.

"Eneo lilelile," Stamatis alisema. "Mita kwa mita. Na nimekuongezea mita mbili, usimwambie mtu."

"Ghorofa ya tatu, kumbare. Ulisema ya tatu."

"Kazi ilidai mabadiliko. Ukurasa wa tisa."

"Na jua?"

Stamatis alitoa mkataba kwenye mkoba, akalowesha kidole, akaufunua kwa subira ya mtu mwema. Ndani yake mlikuwa na idadi ya mabomba, rangi ya milango, unene wa marumaru na aina ya vitasa. "Nionyeshe palipoandikwa jua," alisema.

Niseme ninavyoona. Mwizi aingiaye dirishani huogopa angalau mbwa. Huyu aliingia mlangoni, akachinjiwa jogoo, akatundikiwa leso, na wakati wote huo alijua.

Walilala pale kwa sababu hawakuwa na pengine pa kulala. Binamu alikuwa ameshakipangisha chumba. Asubuhi yake, saa nne kasoro dakika kumi, jua lilivuka paa la kiwanda cha sabuni, likapita katikati ya ghorofa zote saba za zege, dari na sakafu, likatua kwenye sakafu ya fleti ya nusu ardhini. Lilianzia kwenye kona lilipokuwa beseni la kufulia. Likaja pale ulipokuwa mchungwa, na kivuli cha mti kikaonekana ukutani, shina na matawi, majani yakitikisika kwa upepo wa nje.

"Limekuja," Evanthia alisema, akaenda kuchukua kiti.

Alimkalisha Argyro. Jua lilipanda magotini, likafika kifuani. Saa nane lilipanda ukuta upande lilikokuwa jiko la zamani, likaenda zake. Kesho yake likaja tena. Fundi bomba aliyekuja kurekebisha koki alivua koti, akalitundika, akasema, "Limezoea kutua hapa tangu mwaka ishirini na tatu. Mnataka liende wapi?" akaomba maji ya kunywa.

Sisi wakazi wa jengo lile, hakuna aliyelishangaa. Tulikuwa na mambo mengine ya kushangaa, kama vile mtu kumweka binti aliyembatiza, mgonjwa wa kifua, chini ya ardhi.

Kwa fleti zilizo juu yake halikuwa jambo jepesi, maana jua lilizipita bila kusimama, kama treni ya haraka ipitavyo stesheni ndogo. Kuanzia saa nne hadi saa nane Melpo aliwasha taa. Gadenia zake kwenye ile roshani maarufu zilitoa vitumba vikaanguka. Wiki ya tatu aliteremka na chungu mkononi, akasimama mlangoni kwa Evanthia akiwa amevaa viatu vizuri.

"Mama Evanthia, dakika kumi tu. Inakufa."

Mtu mwingine angemwambia akaiweke kwenye roshani. Evanthia alimwambia, "Iweke pale, karibu na kivuli cha mti, isiungue." Akamletea maganda ya chungwa kwenye kisahani.

Baada ya hapo walikuja wengi. Wa ghorofa ya tano alileta blanketi la mtoto likauke. Mstaafu wa posta alileta goti lake. Mimi nilileta godoro lililopatwa na unyevu. Tuliketi pale tukimenya maharage mabichi pamoja na Argyro, tukitazama viatu vikipita, tukikisia vya nani. Argyro alikuwa hodari wa kukisia. "Huyo ana deni," angesema, au, "huyo katoka kwa mwanamke," na sote tungecheka mpaka mstaafu ashike goti. Majira ya kuchipua yalipofika mle ndani mlinukia maua ya mchungwa. Mwezi Aprili daktari alipiga picha ya kifua, akaishika mbele ya dirisha kwa muda mrefu, akasema doa limepungua nusu. Alisema mwaka mmoja zaidi wa jua hilohilo, asikose hata siku, na pafu litapona.

Mwaka mmoja. Hilo tu ndilo walilohitaji.

*

Mwishoni mwa Aprili Stamatis alikuwa akipita kwa miguu kwenda kuonyesha kiwanja kingine, akaona suruali yake inamulikwa kutoka chini. Mtaa ulikuwa kivulini saa ile, kwa kuwa majengo ya pande zote yalikuwa yameshapanda, lakini dirishani pale kwenye usawa wa vifundo mwanga ulikuwa unatoka na kumwagika njiani. Alichuchumaa, akashika nondo za dirisha.

"Argyro! Mambo gani haya?"

"Jua, Nono."

"Tangu lini?"

"Tangu tuhamie."

Hakushangaa naye. Alitazama kivuli cha mti, akatazama gadenia, akatazama sakafu kutoka kona hadi kona. Kisha akaingia ndani, akasalimia, akala sahani mbili za maganda ya chungwa, akatoa futikamba mfukoni. Alipima urefu na upana wa jua. Alimwomba Argyro anyanyue miguu ili apime chini ya kiti, na Argyro akainyanyua.

Barua ya Bwana Plytas ilifika baada ya siku nane. Ilisema kwamba mkandarasi, kwa niaba ya mwenye ardhi, amezibadilisha fleti mbili za nusu ardhini kwa fleti moja ya ghorofa ya nne, upande wa nyuma, yenye jumla ya eneo lilelile.

Evanthia alikwenda ofisini bila kuvua aproni.

"Kazi ilikwisha, Bwana Plytas. Tuna miezi minane tunakaa mle. Uwakilishi umekwisha."

"Ungekwisha, mama, kama kazi ingekuwa imekamilika." Bwana Plytas alisema haya akitazama meza. "Kidato kimoja bado."

Kwenye mlango mkuu vilitakiwa vidato vitano vya marumaru. Vilikuwapo vinne. Cha tatu hakikuwapo, na tangu Septemba sote tulikuwa tunaliruka lile pengo, tukiwa na vikapu, watoto na vikongwe, tukimlaani fundi wa marumaru kwa uvivu. Argyro alikuwa amekiona kidato chenyewe kwenye chumba cha tanuri, kimefungwa vizuri kwa magazeti. Alidhani kinasubiri saruji. Kilikuwa kinasubiri ionekane iwapo kuna kitu kingine cha kuchukua.

Stamatis alikuwa ameketi pembeni kwenye ofisi ileile, miguu amekunja nne.

"Unanuna nini, kumbara? Nimekupandisha ghorofa nne. Nani siku hizi anapandishwa ghorofa nne bure?"

"Upande wa nyuma mna ukuta. Nikinyoosha mkono naugusa."

"Basi usinyooshe mkono."

Evanthia alifuta mikono kwenye aproni. "Ulimpaka mafuta kwa mkono gani?" aliuliza. "Nionyeshe. Nataka kuujua."

Stamatis aliitia mikono yote miwili mifukoni. Walihama Jumamosi, sisi tukiwasaidia kubeba kabati, tukiwapa pole, tukiliruka lile pengo. Jumanne fundi alikuja na ndoo ya saruji akakiweka kidato. Alikiweka vizuri sana. Huwezi kukitofautisha na vingine.

Asubuhi ya kwanza kwenye ghorofa ya nne, Evanthia aliweka kiti katikati ya chumba saa nne kasoro robo, akamkalisha Argyro, akasimama nyuma yake. Huenda alitumaini. Dakika kumi kabla ya saa nne jua lilipita fleti za upande wa mbele, likienda chini. Argyro alihisi joto kidogo kwenye nyayo, basi.

Nami nilikuwa na tumaini langu, na sioni haya kulisema. Niliomba jua limkatae Stamatis. Nilingoja lifike mle nusu ardhini, alimohamia yeye, limkute, ligeuke lirudi, au limuunguze upara. Halikufanya hivyo. Lilitua saa yake ileile, likamwangazia kiti chake kipya cha ngozi, meza yake, simu yake na mkono wake. Jua halina kinyongo, na siku zile nililiona hilo kuwa ni upungufu mkubwa.

Aliifanya fleti ya mbele kuwa ofisi. Wenye viwanja walikuja pale kusaini kubadilishana, nao walipoona mwanga na kivuli cha mchungwa ukutani walisema, "Bwana Vourlas, unajua kujenga." Aliwajibu kwamba siri ni kuheshimu ardhi.

*

Mwezi Juni uliitishwa mkutano wa wakazi wote, ofisini kwa Stamatis, saa tano asubuhi, ili tulikute jua. Bwana Plytas alileta nyongeza ya kanuni za jengo. Iliandikwa kwamba jua la saa nne hadi saa nane, kwa kuwa linatua kwenye fleti ya nusu ardhini ya mbele, ni mali ya mwenye fleti hiyo pamoja na kivuli kilichomo na harufu ya msimu. Iliandikwa pia kwamba, kwa hisani ya mwenye jua, kila fleti itaruhusiwa kuteremsha chungu kimoja cha maua kila Jumamosi.

"Haki itendeke," Stamatis alisema. "Sitaki watu waseme nimelificha."

Pale kura huhesabiwa kwa sehemu za ardhi. Kiwanja kile, cha baba mkwe wa Evanthia, kilikuwa kimekatwakatwa vipande elfu kwenye karatasi, na kila fleti ilikuwa na vipande vyake. Yeye mwenyewe alikuwa amebakiwa na mia moja na kumi.

Evanthia aliomba karatasi. Alivaa miwani, akasimama palepale kwenye jua, akaisoma yote kwa sauti, kurasa kumi na nne, neno kwa neno, pamoja na mihuri. Alisoma polepole kama mtoto wa darasa la kwanza. Mstaafu wa posta alisinzia. Stamatis alitazama saa mara tatu lakini hakuthubutu kumkatiza. Ilichukua muda wa saa nzima. Alipofika ukurasa wa tisa aliusoma mara mbili.

Kisha akasema, "Sisaini."

"Si lazima, mama," Bwana Plytas alisema taratibu. "Inatosha wengi wakiinua mikono."

Melpo aliinua mkono. Alitazama gadenia yake wakati anauinua. Wa ghorofa ya tano aliinua. Mstaafu aliamshwa, akaambiwa, akainua. Wakazi wa jengo lile waliokula maganda ya chungwa ya yule mama majira yote ya baridi waliinua mikono kwa ajili ya chungu kimoja cha maua siku ya Jumamosi. Mkono wangu ulikuwa mmojawapo. Nilikuwa na jasmini.

Evanthia alivua miwani akaikunja. Hakutulaani, ingawa ingefaa.

Kuanzia kesho yake, saa nne kasoro dakika kumi, aliteremka na kile kiti cha ukindu na kukiweka nje, njiani, mbele ya dirisha la nusu ardhini, mahali ambapo mwanga ulikuwa ukitoka kupitia nondo na kumwagika juu ya mawe. Argyro aliketi huku nyayo zake zikigusa ukuta. Jua lilimfika magotini kutokea chini. Alikuwa ameanza tena kukohoa, kikohozi kifupi chenye adabu, huku akiziba mdomo kwa leso. Watu waliokuwa na haraka walimzunguka. Kanuni hazikuwa na neno juu ya njia ya umma; Evanthia alikuwa amezisoma.

Ikapita wiki hivi. Siku moja Stamatis, akiwa amebaki na fulana tu kwa sababu ya joto, aliinua uso kutoka mezani, akaona soli za viatu vya binti aliyembatiza.

"Argyro! Unaendeleaje, mtoto wangu?"

"Naendelea, Nono."

"Mama yako yupo? Kumbara, bado una yale maganda yako? Tangu Aprili sijayaonja."

Mtungi mmoja ulikuwa umebaki, wa kumi na mmoja. Evanthia alipanda ghorofa nne, lifti ikiwa mbovu, akashuka tena na sinia. Alichuchumaa, akapitisha mkono katikati ya nondo, akamwekea kwenye kizingiti cha dirisha glasi ya maji. Hakukuwa na kisahani, wala kijiko.

"Ndiyo hiyo tu, kumbare," alisema.

Mtu yeyote wa kule anajua maana ya glasi ile: maji matupu bila kitamu ni kumwambia mtu kwamba si mgeni wako tena. Stamatis aliitazama. Masikio yake yalibadilika rangi, nami nilikuwa ng'ambo ya barabara nikaona, nikafurahi kwa kiasi cha pumzi moja. Kisha akainuka, akaenda dirishani, akasema kwamba jua linaichubua ngozi ya kiti chake, akavuta pazia.

Lilikuwa pazia zito, la rangi ya kahawia, na lilikuwa fupi kidogo kuliko dirisha. Pembeni ulibaki ukanda wa mwanga wenye upana wa kiganja, ukatokeza nje juu ya mawe. Evanthia alikishika kiti kwa nyuma, Argyro akanyanyuka kidogo, na mama yake akakisogeza hadi pale. Alimkalisha ubavu ili ukanda upite kifuani, upande wa pafu bovu. Ukanda uliposogea, akasogeza kiti. Walikuwa na mpaka saa nane.